Shoka la Stoo ya Msikiti na Mpini Wake



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba wake. Ama baad, ndugu msomaji, wiki hii nimekusudia kuandika juu ya shoka. Najua kwamba ukurasa huu wa familia umezoea mambo ya malezi, mirathi na masikilizano ya wanandoa, na huenda mama mwenye nyumba akauliza shoka limeingiaje humu. Limeingia kwa sababu lilikaribia kumuua mtoto, na aliyelitia mpini nilikuwa mimi.

Yupo ndugu yetu mmoja hapa Tanga, jirani wa msikiti, baba wa watoto watatu. Kazi ya kupakua mizigo aliyokuwa akiitegemea ilikatika, na kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akisubiri hadi watu watawanyike baada ya sala ya Isha ya siku ya Ijumaa, kisha huenda kumnong'oneza mhazini wetu. Kila mara alipewa kidogo kutoka mfuko wa sadaka, na kila mara aliondoka akitazama chini. Mwanzoni mwa masika suala lake likaletwa kwenye kikao cha kamati, na mimi nikiwa katibu nikaomba nafasi ya kusema.

Nilisimulia Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (RA). Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (SAW) kuomba. Mtume akamuuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Akasema ana nguo moja nzito, nusu wanajifunika na nusu wanaitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza vitu hivyo viletwe, akavinadi mwenyewe mbele ya maswahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, hata vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akamwambia yule Mwansari anunue chakula kwa dirhamu moja na kukipeleka kwa watu wa nyumbani kwake, na kwa ile ya pili anunue shoka amletee. Lilipoletwa, Mtume (SAW) akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, kisha akamwamrisha aende akatafute kuni na kuziuza, asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi, amenunua nguo na chakula.

Wako wanazuoni wa Hadithi walioona udhaifu katika sanad ya kisa hiki, na ni haki yako msomaji ulijue hilo. Lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi sahihi katika Bukhari, ya kwamba mtu kuchukua kamba yake na kuleta mzigo wa kuni mgongoni ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Nilipomaliza, wazee waliitikia kwa vichwa. Stooni kwetu kulikuwa na kichwa cha shoka la zamani, lile la kizungu lenye tundu, ambalo kwa miaka mingi lilichanja kuni za futari na za pilau ya Idd hadi mpini ukakatika. Kikaachwa nyuma ya magunia ya chokaa, kikaota kutu. Kamati ikaafiki kwa kauli moja: shoka litengenezwe, ndugu yetu apewe, achanje kuni za watu kwa ujira. Kazi ya kulitengeneza nikapewa mimi niliyesema sana.

Niliifanya kwa alasiri moja. Nilikata tawi la mpera lililo nyuma ya pahala pa kutawadhia, bichi, likitoa maji, nikalichonga kwa panga na kulishindilia ndani ya tundu. Kwa kuwa lilikuwa likicheza kidogo, nikapigilia misumari minne kwa juu. Kutu nikaipangusa kwa gunia. Makali nikayasugua mara mbili tatu kwenye saruji ya ngazi. Siku ya pili yake, baada ya sala ya Alasiri, nikamkabidhi ndugu yetu mbele ya watu, na nikasema maneno machache ambayo leo sipendi kuyakumbuka.

Siku ya kumi na moja alikuwa akipasua gogo la mwembe uani kwa mtu. Binti yake wa miaka saba alikuwa ameandamana naye, akiokota vibanzi vya kuwashia moto. Shoka lilipokuwa linashuka kichwa kilichomoka, kikapita juu ya bega la mtoto na kujikita katika mlango wa banda la kuku. Jioni ile baba alikuja msikitini na vipande viwili ndani ya gunia. Hakulaumu. Aliliweka gunia kizingitini, akasema, "Katibu, hii amana yenu nimeirudisha," akaenda zake.

Usiku ule nilifungua kitabu na kuisoma tena Hadithi niliyoisimulia kikaoni. Tamko la Kiarabu linaloeleza kitendo cha Mtume juu ya mpini ule ni *shadda*, yaani alikaza, alifunga kwa nguvu. Nimelisoma neno hilo tangu chuoni, nimelifanyia hata mtihani, na kulichambua pamoja na *qadum*, ambalo wengine hulifasiri kuwa shoka na wengine tezo. Halikunigusa. Mtume (SAW) angeweza kumpa mtu yule dirhamu yake na kumwombea heri. Badala yake alimtaka alete chuma, akakikaza mwenyewe, kisha akaweka muda wa kumwona tena. Mimi niliichukua ile sehemu ya kisa inayosemeka vizuri mbele ya watu.

Asubuhi nikabeba gunia hadi kwa mzee mmoja aliyemaliza umri wake akiunda mashua na majahazi. Sasa hafanyi kazi nzito, lakini vyombo vyake vyote viko ukutani, kila kimoja na msumari wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na maiti gani humo?"

Nikamwonyesha. Aligeuza vile vipande, akaitazama misumari minne, akauliza nani aliyefanya haya. Nikasema ni mimi. "Alhamdulillah," akasema. "Nilidhani una adui."

Akanikubalia kunifundisha kwa sharti kwamba mikono itakuwa yangu na maneno yatakuwa yake. Ilituchukua siku tisa, kila siku baina ya Alasiri na Magharibi. Nitaeleza kazi ilivyokwenda, kwani nyumba nyingi zina kichwa cha shoka kilichotupwa mahali, na nyingi zaidi zina shoka linalochezacheza ambalo watu wamelizoea.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kama chuma kinastahili kazi. Alikining'iniza kwa kamba ndani ya tundu, akakigonga kwa nyundo ndogo. Kikalia kwa mlio mrefu. Alisema chuma chenye ufa hulia kama chungu kibovu, na hasa ufa hujificha katika mashavu ya tundu, pale ambapo chuma ni chembamba. Ukiukuta hapo, kichwa hicho hakifai kutiwa mpini tena. Upande wa kisogo palikuwa pamefumuka na kutandaa kama uyoga, kwa sababu kwa miaka mingi watu walikitumia kama nyundo ya kupigia kabari za chuma. Zile kingo zilizofumuka ni hatari, maana chuma kigumu kikigongwa na chuma kigumu kipande huruka, na mara nyingi hutafuta jicho. Tuliziondoa zote kwa tupa. Kisogo cha shoka si nyundo. Tafadhali waambie vijana wa nyumbani.

Jambo la pili lilikuwa kutoa mabaki ya mpini ndani ya tundu. Nilipendekeza tukitie kichwa motoni, kuni iungue, tundu libaki tupu. Mzee akanikamata mkono. Makali ya shoka ni feleji iliyopashwa moto, ikazimwa ghafla, kisha ikapashwa tena kidogo kwa kipimo. Kwa hesabu hiyo ya moto ndipo yanapata ugumu wa kukaa na makali pamoja na unyumbufu wa kutokumomonyoka. Ukilitia shoka katika moto wa jiko unaifuta hesabu yote ya mfua chuma. Litabaki na sura ya shoka, lakini makali yatajikunja kama bati. Kwa sababu hiyohiyo hataki kuona shoka likinolewa kwa jiwe la umeme bila ya maji. Makali yakigeuka rangi ya samawati, feleji ya pale imekwisha lainika. Basi tulikata mpini kwa msumeno usawa wa chini ya tundu, tukang'oa misumari yangu kwa koleo, moja baada ya moja, tukatoboa matundu kadhaa kwa keekee ndani ya mti uliobaki, na tukausukuma kwa kipande cha nondo kutoka chini kwenda juu. Unasukumwa kwenda juu kwa sababu tundu la shoka zuri ni pana kidogo upande wa juu, na huko ndiko mti ulikotanuliwa.

Kutu haikutusumbua sana. Kichwa kililala ndani ya siki usiku mmoja, asubuhi kikasuguliwa kwa brashi ya waya, kikasuuzwa kwa maji yenye magadi ili kuua uchachu, kikakaushwa juani papo hapo na kupakwa mafuta. Bila ya magadi na mafuta, kutu mpya huanza kabla hujafika Magharibi. Chini ya ile kutu ilijitokeza namba 4, yaani ratili nne, ambazo hazifiki kilo mbili. Mzee alifurahi. Shoka zito zaidi ya hapo, alisema, huwafaa watu wanaotaka kuonekana.

Kisha makali. Alipitisha tupa mara moja tu ili kusikiliza. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamomonyoka. Ikila kama inavyokula bati, chuma kimekufa kwa moto. Ikishika na kutoa unga mwembamba, ni sawa. Yetu ilishika. Nikakibana kichwa kwenye jiliwa na kuanza kupiga tupa kwa mwelekeo mmoja, kusukuma tu, kisha kuinyanyua wakati wa kuirudisha, maana meno ya tupa hukata yakienda mbele, na kuiburuza nyuma ni kuiua. Palikuwa na mapengo mawili katika ukingo. Nilitaka kuyafuata hayo tu, na mzee akanizuia: ukichimba penye pengo unapata makali yenye mawimbi. Sharti ukingo wote ushuke pamoja hadi pengo lipotee. Shoka la kuchanja kuni halihitaji wembamba wa kisu. Mkato wa nyuzi 30 hivi unatosha, na mashavu yaliyonona kidogo husaidia kupanua gogo. Tulimalizia kwenye kinoo cha maji, duara dogodogo, upande huu na upande ule, hata unywele wa kutu usionekane.

Nilipokuwa nikinoa nilikumbuka Hadithi ya Shaddad bin Aws (RA) katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (SAW) alifundisha kwamba Allah ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji akinoe kisu chake. Sisi huisoma Hadithi hiyo kila Idd el-Hajj kwa ajili ya mnyama. Nilikaa na kinoo mkononi nikijiuliza ni kwa nini sikuwahi kuisoma kwa ajili ya binadamu anayepewa chombo akafanyie kazi. Na katika Surat Sabaa tunaelezwa juu ya Nabii Daudi (AS), ambaye Allah alimlainishia chuma, na pamoja na neema hiyo bado akaamrishwa kupima sawasawa pete za deraya. Nabii hakusamehewa kipimo, seuze katibu.

Sasa tunafika kwenye mpini, na hapa mzee alisema kuliko siku zote nyingine zikiunganishwa.

Alitoa darini kipande cha mpera kilichokaa huko miaka miwili, ncha zake zimepakwa nta ili zisipasuke. Nikashangaa kuona ni mti uleule wangu. "Mti haukukosa," akasema. "Uliutia kazini kabla haujawa tayari." Mti mbichi umejaa maji, ukikauka unasinyaa, na tundu la chuma halisinyai pamoja nao. Kwa hiyo mpini wa mti mbichi unaweza kubana leo na kulegea wiki ya pili, na misumari haisaidii, bali hupasua nyuzi na kuleta kutu ndani. Mpera mkavu, mkwaju, au mkole, yote ni miti mizuri ya mpini, migumu na yenye kunyumbuka. Mpingo ni mgumu mno kwa kazi hii na hutetemesha kiganja. Mninga anautaka ubaki kwenye vitanda.

Zaidi ya jina la mti, alisisitiza nyuzi zake. Kipande cha mpini hakikatwi kwa msumeno kutoka ubaoni, kwani msumeno haujali nyuzi zinakwenda wapi. Hupasuliwa kwa kabari, kikafuata njia yake chenyewe, hata nyuzi zikatoka mwanzo hadi mwisho wa mpini bila kukatizwa. Kifundo kikionekana, kipande hicho ni cha jikoni. Ukikitazama kwa kichwani, mistari ya ukuaji iwe inaelekea kule yanakoelekea makali, isikingame. Mpini ambao nyuzi zake zimetokea ubavuni utakatika siku moja kwa mkato wa mshazari, nao ni mkato wenye ncha kama mkuki.

Urefu tulipima kwa mwili wa atakayelitumia, si wangu. Mzee aliniagiza nikampime ndugu yetu. Nilikwenda kwa aibu, akaninyooshea mkono bila ya neno. Dhiraa yake moja na shubiri moja, karibu sentimita 70. Mwenye mwili mrefu zaidi angeongezewa.

Nilichonga kwa tezo kisha kwa randa ndogo, na nikamalizia kwa kukwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho huacha mti laini kuliko msasa. Sehemu ya kuingia katika tundu ilichukua siku mbili peke yake. Mzee alipaka masizi ya sufuria ndani ya tundu. Unaingiza mpini, unautoa, unatazama ulipopata weusi, hapo ndipo panapogusa kabla ya pengine. Unapunguza palepale tu, kidogo, unarudia. Nilirudia mara ishirini na kitu. Kila nilipokata zaidi ya alama, alikohoa.

Kwa kukikaza kichwa, nilitarajia tutakiweka chini na kukishindilia. Sivyo. Unaushika mpini wima hewani, kichwa kikiwa chini kinaning'inia, kisha unagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Kichwa ni kizito, kinakataa kuondoka mahali pake, na mpini unazidi kuzama ndani yake kwa kila pigo. Ukilitazama mara ya kwanza utadhani ni kiinimacho. Halafu ikaja kabari. Kichwani mwa mpini tulikuwa tumekata mfereji kwa msumeno, wa kina cha theluthi mbili za tundu. Kabari ya mti mkavu ikapigiliwa humo hadi ikakataa kuendelea, ikautanua mpini ndani ya ule upana wa juu, na kichwa kikawa hakina pa kutokea. Tuliacha mti uchomoze juu ya chuma kama nusu sentimita.

Nikamuuliza kuhusu desturi tuliyoiona kwa wengi, ya kulilaza shoka linalocheza ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Akasema ni kama kulipa deni kwa deni. Mti unavimba, unajibana na chuma hadi nyuzi zake zinapondeka, na ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana. Shoka la ndooni ni salama kwa siku moja. Ukilikuta hivyo nyumbani kwako, lisiguswe hadi litiwe kabari.

Nitaje pia mashoka yetu ya kienyeji, kwani kuna wanaoyadharau. Yale hayana tundu katika chuma. Mpini wake una kirungu kichwani, na mkia wa chuma hupenya ndani ya kirungu kile, hivyo kila pigo linazidi kuusukuma mkia ndani na kulikaza shoka. Ukiyatazama kwa jicho la fundi, ni akili kubwa. Ugonjwa wake ni kirungu kupasuka, si chuma kuruka.

Mwisho tulipaka mpini mafuta ya kitani, yale yanayouzwa maduka ya rangi, mara tatu kwa siku tatu, kwa sababu yanakauka ndani ya mti. Mafuta ya nazi hayakauki, na vanishi hutengeneza malengelenge kiganjani. Kitambaa kilichopakia mafuta ya kitani kisifinyangwe na kutupwa pembeni. Kinaweza kujipasha moto chenyewe na kuwaka. Kitandazwe nje kikauke, na mama wa nyumbani alijue hilo.

Siku ya tisa nilidhani tumemaliza, nikataka kulifunga gunini. Mzee akanionyesha gogo. "Aliyelitia mpini na apige kwanza. Na pasiwe na mtu mbele wala nyuma." Nilipiga mapigo arubaini. Mimi ni mtu wa kalamu, na kufikia pigo la kumi na tano viganja vilikuwa vimechubuka. Baada ya kila mapigo kumi alilichukua, akakishika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, akazungusha. Hakikucheza.

Safari hii sikulikabidhi msikitini. Nililipeleka nyumbani kwake usiku, nikaomba msamaha kwake na kwa mkewe. Yeye alisema yamekwisha. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Katibu, kwangu mimi hayajaisha. Sikulala siku tatu. Niletee nilishike mwenyewe." Mumewe akalipitisha. Tulisikia akilivuta, akiligonga sakafuni kitako chini, akilivuta tena. Kisha mkono ukalitoa nje ya pazia, ukaliweka chini.

Tukakubaliana nitakwenda kumtazama baada ya siku kumi na tano. Nilipokwenda nilimkuta amepata kazi kwa siku sita tu. Alikuwa amelipa deni la dukani na kununua unga. Kodi ya chumba ilikuwa bado. Niliandika hivyo katika taarifa ya kamati, na mfuko wa sadaka ukaendelea kumsaidia kodi kwa miezi miwili, maana shoka halikuja kuchukua nafasi ya haki yake kwetu. Mhazini alikumbusha, kwa kweli, kwamba jipya dukani lingetugharimu fedha kidogo na siku tisa za katibu zingeokolewa. Sikumjibu. Baada ya Idd el-Hajj harusi zikafuatana, na kwenye harusi kuni ni nyingi. Mwenye tanuri la mikate mtaa wa pili naye akamwita mara mbili kwa wiki, kupasua magogo ya miembe na mikorosho iliyozeeka ambayo huletwa na wenye mashamba. Tangu hapo hakuja tena kwa mhazini baada ya Isha. Huja msikitini kusali.

Kaskazi ilipoanza kuvuma na kila mti ukawa unakauka, mzee alinituma nikamwite. Alikuja alasiri na shoka begani, binti yake nyuma, mbali kidogo, kwani mpaka leo hakai karibu na baba akiwa na shoka. Mzee akakishika kichwa, akakizungusha. Kikacheza, unywele mmoja. Akanipa nyundo ya mti. Nikashika mpini wima, nikagonga kitako mara tatu, kisha nikaipiga kabari mara mbili hadi ikakataa. Ndugu yetu akalipokea, akalizungusha, akamwita mwanawe aje naye ajaribu. Mtoto akasogea, akakishika kichwa kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, kisha akamtazama baba yake.

"Hakitoki," akasema.

Mzee akaagiza kahawa.

Wabillahi tawfiq.